Ukifika Ahero, Usikimbilie Chipsi

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hawakutuambia mgeni huyo afanye nini anapowekewa mezani samaki mzima mwenye kichwa, macho na meno, kando yake kilima cha ugali wenye rangi ya udongo, na bakuli la mboga chungu asiyoijua hata jina.

Mpenzi msomaji, ikiwa unaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa na umepanga kuipeleka familia yako Kisumu likizo ijayo, jambo hili linakuhusu. Ukitoka Nairobi kupitia Nakuru na Kericho, barabara hukuteremsha kutoka kwenye baridi ya mashamba ya majani chai hadi kwenye joto la nyanda za Kano. Ukishapita Awasi, nchi inakuwa tambarare, milima ya Nandi ikisimama upande wa kulia kama ukuta. Kilomita 25 hivi kabla ya Kisumu unafika Ahero, penye njia panda: barabara moja inaendelea Kisumu, nyingine inakata kushoto kuelekea Katito, Sondu na Kisii. Hapo matatu husimama, abiria hushuka kunyoosha miguu, na harufu ya samaki anayekaangwa huwaita watu hotelini.

Ni hapo pia familia nyingi za mjini hushindwa. Mtoto wa kwanza anaziba pua. Wa pili anauliza, "Chipsi hakuna?" Kwa kuwa siku hizi chipsi zimefika karibu kila kituo cha matatu nchini, baba anaagiza sahani nne za chipsi, watu wanakula, wanalipa na kuondoka. Wamesafiri zaidi ya kilomita 300 na ulimi haukutoka nyumbani.

Kosa si la watoto peke yao. Wazazi huandaa nguo, maji ya kunywa, dawa ya mbu na nauli, lakini hawaandai matumbo. Chakula kigeni hutisha zaidi kabla hakijaonjwa. Ukilijua jina lake, mahali kinakotoka na sababu ya ladha yake, woga hupungua na hamu huanza kuja. Basi na tuketi kabla ya safari tuambizane yatakayokuwa mezani.

NENO LENYEWE NI NAPENDA

Tuanze na jina la mji. Katika Dholuo, lugha ya wenyeji, neno "ahero" lina maana ya "napenda". Mwambie mtoto wako hilo mkiwa njiani. Atacheka, na atalikumbuka.

Mji huu unalishwa na mto Nyando, unaotoka nyanda za juu na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria kwenye Ghuba ya Winam. Mto huo ni baraka na balaa. Mvua kubwa zinaponyesha milimani hufurika na kuwafukuza watu majumbani mwao, kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena mwaka wa 2024. Lakini udongo mweusi unaoshika maji ndio unaofaa mpunga. Mradi wa unyunyizaji wa Ahero ulianza kazi mwaka wa 1969, maji yakivutwa mtoni kwa pampu za umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mambo yaliharibika, pampu zikanyamaza na mashamba mengi yakalala, kabla ya mradi kufufuliwa katika miaka ya 2000. Ukipita leo utayaona majaruba ya mpunga, ndege weupe wenye miguu mirefu wakitembea majini, na kina mama wakiuza mchele kwa gorogoro.

Kwa hiyo usishangae ukiona wali hotelini. La kushangaza ni kwamba kwa Wajaluo wengi, mchele ukilimwa hatua chache kutoka mlangoni, mlo bado haujawa mlo bila kuon, yaani ugali. Mtu anaweza kula wali mchana, na jioni akauliza chakula kiko wapi.

Kuon si wa aina moja. Upo mweupe wa mahindi, ule tunaoujua sote. Upo wa mtama, ambao Wajaluo huuita bel, na wa wimbi, uitwao kal. Mara nyingi unga huo huchanganywa na wa muhogo ili ugali ushikane. Rangi yake ni ya kahawia iliyokolea, nao ni mzito na una uchachu kidogo. Mahindi yalikuja baadaye kutoka mabara ya Amerika. Mtama na wimbi ni nafaka za Afrika, zilizoliwa na mababu zetu kabla ya mahindi kufika. Mtoto anayeona ugali mweusi na kusema umeungua aambiwe kwamba huo ndio mkongwe, na ule mweupe ndio mgeni.

SAMAKI WA JANA NA WA LEO

Sasa tuje kwa samaki. Mtu wa mjini husema "samaki" akadhani amemaliza. Ahero utaulizwa samaki yupi.

Ngege ndiye anayeheshimiwa zaidi, samaki bapa mwenye magamba na nyama nyeupe tamu. Lakini jina hilo lina historia. Ngege wa asili ya ziwa hili karibu atoweke katika maji makubwa. Masalia yake yamebaki katika maziwa madogo kama Kanyaboli huko Siaya. Yule unayeletewa leo kwa jina hilo aghalabu ni nyamami, jamaa yake aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950. Jina limebaki, mwenye jina ameondoka.

Mbuta naye alitiwa ziwani miaka hiyo hiyo ya mwisho wa ukoloni. Ni mkubwa ajabu na anaweza kufikia uzito wa kilo 200. Aliwala fulu, visamaki vidogo vya rangi nyingi vilivyokuwa ziwani kwa mamia ya aina, hata aina nyingi zikaangamia. Viwanda vya minofu vilipoanza kumuuza Ulaya katika miaka ya 1980, nyama ilipanda ndege na mifupa ikabaki kwa wenyeji. Kina mama wakaikaanga mifupa hiyo pamoja na kichwa, wakaiuza, nayo ikapewa jina la mgongo wazi. Ukiona mifupa mikubwa ya samaki ikiuzwa sokoni, usidhani ni ya kutupwa. Imelisha nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi kandokando ya ziwa hili.

Omena ni wale dagaa wadogo wa rangi ya fedha. Wavuvi huwavua usiku, mwezi ukiwa umejificha, kwa kuwavuta na mwanga wa taa. Mchana huanikwa juani. Huliwa wote, kichwa na mifupa, na kwa sababu hiyo humpa mlaji madini ya kujenga mifupa kuliko mnofu mtupu. Kwa kawaida uvuvi wake hufungwa kila mwaka kati ya Aprili na Julai ili wazaane, hivyo usishangae bei ikipanda miezi hiyo. Mpishi hodari huwaosha kwa maji moto, huwakaanga hadi wakauke, kisha huwatia nyanya na vitunguu, na wengine huongeza maziwa. Harufu inayowatisha watoto hupungua mno mikononi mwa mpishi wa namna hiyo.

Wako wengine watakaokutia majaribuni. Obambla ni samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani, mwenye harufu inayotangulia sahani. Mumi ni kambare mwenye sharubu, ambaye mvua zikinyesha hupanda mitoni na kuingia hata kwenye mashamba yaliyofurika. Kamongo ni mrefu kama nyoka na hupumua hewa kama wewe na mimi. Wapo Wajaluo wasiomgusa, na ng'ambo ya ziwa, Uganda, kuna ukoo mzima wa Baganda ambao yeye ndiye mwiko wao. Kwa hiyo ukimkataa kamongo kwa adabu, hutakuwa umemkosea mtu. Hata wenyeji wana mipaka yao.

UCHUNGU WENYE SABABU

Mtihani mkubwa kwa watoto huwa mboga. Wamezoea sukumawiki na kabichi. Hapa wataletewa osuga, ambayo ni mnavu, au akeyo, ambayo ni mgagani. Zote mbili ni chungu. Apoth, yaani mlenda, si chungu lakini huteleza na kuvutika kama uzi. Mito ni chungu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa sana na wazee.

Binadamu huzaliwa akiukwepa uchungu, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Isitoshe, ndimi hazilingani. Mwaka wa 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, aligundua kwamba unga fulani aliokuwa akiushughulikia ulikuwa mchungu sana kwa mwenzake, ilhali yeye hakuonja chochote. Baadaye ikajulikana kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Basi mtoto anayelalamika kwamba osuga ni chungu mno huenda hadeki. Huenda kweli anasikia uchungu ambao wewe huusikii.

Mapishi ya Wajaluo yaliuona mtihani huo zamani na kuutafutia jibu. Mboga chungu huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha zikatiwa maziwa au samli. Katika nyumba za kale chungu cha mboga kilikaa jikoni siku mbili tatu, kila siku kikiongezwa maziwa na kupashwa moto, hadi uchungu ukalainika na kubaki kama kumbukumbu tu. Hivyo ukiagiza, uliza: "Zimepikwa kwa maziwa?" Swali hilo moja litamwonyesha mpishi kwamba hukuja kubahatisha.

Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini. Mmoja wa waliozitoa katika dharau hiyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Amezifanyia utafiti maishani mwake, na mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ukamtuza kwa kazi hiyo. Mwaka wa 2021, UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuokoa vyakula vya kiasili miongoni mwa mifano ya kuigwa duniani. Leo supamaketi za Nairobi zinaziuza mboga zilizokuwa zikichumwa kando ya ua.

Usisahau aliya. Hiyo ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa juani hadi ikauke, kisha ikapikwa taratibu, mara nyingi kwa samli. Mtoto anayeogopa samaki atapata kimbilio hapo, wala hatakuwa amekimbilia chipsi.

KABLA YA KUAGIZA

Yafuatayo yatakusaidia siku hiyo.

Kwanza, ongea na watoto mapema, wala si mezani. Mweleze kila mmoja atakachokiona na umwache achague kimoja cha kuonja. Aliyechagua mwenyewe haoni kwamba amelazimishwa.

Pili, usitarajie kila hoteli iwe na orodha iliyoandikwa. Pengine mhudumu atakutajia vyakula kwa mdomo, haraka haraka. Mwambie, "Mama, rudia polepole." Hatakasirika. Kuuliza si ujinga.

Tatu, samaki huuzwa kwa ukubwa wake. Mwone kabla hajapikwa, uulize bei yake, kisha useme unamtaka vipi: mkavu wa kukaangwa au wa mchuzi. Uliza pia ametoka wapi. Katika miaka ya karibuni samaki walioganda kutoka China wameuzwa hadi Kisumu kwenyewe, na wapo wanaofugwa mabwawani na katika vizimba vya ziwani. Hakuna aibu kula yeyote kati yao, ila ni haki yako kujua unachokilipia.

Nne, wape wapishi muda. Samaki anayepikwa ukisubiri si mkate wa dukani. Tumia nafasi hiyo kutazama soko.

Tano, nawa mikono na uache uma. Kuon hukatwa kwa vidole, huviringishwa, hubonyezwa kwa dole gumba, na kishimo hicho hubeba mchuzi. Miiba ya samaki huonwa na vidole kabla ya koo. Kwa hiyo, kula kwa mkono ni usalama wa mtoto kuliko uma. Watoto wadogo wachambuliwe na mtu mzima.

Sita, mwisho wa mlo sema "erokamano". Maana yake ni asante, nalo hulipa kile ambacho noti hazilipi.

MATUSI YA SAHANI

Hebu tuseme sasa lile ambalo huwa hatulisemi. Katika nchi yetu watoto wengi huyajua matusi ya chakula cha jirani kabla hawajakionja. Utawasikia uwanjani shuleni: hawa ni wala omena, wale ni wa githeri, wengine ni wa mursik. Ni utani, tunasema. Lakini sote tuliona mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 jinsi utani kuhusu kabila la mtu unavyoweza kukomaa ukawa kitu kingine. Dharau huanza mahali padogo. Kuziba pua mbele ya sahani ya mtu ni mojawapo ya mahali hapo, kwa maana sahani hiyo ndiyo aliyolishwa na mama yake.

Hakuna jamii isiyokuwa na kitu ilichokikataa. Hapo kale Wakikuyu wengi na Wamaasai hawakula samaki. Miongoni mwa Wajaluo, wanawake walikatazwa mayai na kuku, huku wanaume wakila bila wasiwasi. Leo wajukuu wa wale waliokataa samaki wanapanga foleni Nairobi kununua ngege wa kukaanga, na wajukuu wa wanawake walionyimwa kuku wanafuga kuku wa mayai. Ulimi hujifunza. Ulijifunza jana na utajifunza kesho.

Wako pia wanafunzi ambao chakula hiki ni chao kwa damu, ila wamezaliwa Buruburu au Kayole. Wanapelekwa kwa nyanya mara moja kwa mwaka, mnamo Desemba. Nyanya, wanayemwita dani, amechuma osuga alfajiri, ameipika kwa maziwa aliyoyaweka tangu jana, na mjukuu anasema hali majani. Dani hatasema kitu. Ataiondoa sahani kimya na kumtuma mtu dukani akanunue mkate. Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, ikiwa una dani au nyanya popote pale, Nyando, Murang'a, Kilifi au Machakos, hujalazimika kukipenda anachokupikia. Umelazimika kukionja tu, na kumuuliza alifundishwa na nani kukipika. Jibu la swali hilo huwezi kulipata sokoni, na wanaolijua wanapungua kila mwaka.

SAFARI IENDELEE JIKONI

Wataalamu wa lishe ya watoto wanasema kwamba woga wa chakula kipya huwa mkali zaidi kati ya umri wa miaka 2 na 6, na kwamba mtoto huenda akahitaji kuonja chakula hicho mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Tazama basi mzigo tunaomtwika mtoto tunapomtaka akipende mara ya kwanza, mbele ya wageni, akiwa amechoka na safari!

Kwa hiyo Ahero ni mwanzo tu. Kabla hamjapanda gari kuelekea Kisumu au kurudi nyumbani, nunueni gorogoro moja ya mchele, omena waliokauka vizuri, na unga wa mtama. Muuzaji mwenyewe atakueleza namna ya kupika. Sikiliza, kwa kuwa maelezo hayo hayauzwi. Wiki ifuatayo pikeni nyumbani sahani ndogo, kando ya chakula mlichokizoea, bila hotuba na bila vitisho. Rudieni wiki mbili baadaye. Mtoto akila kijiko kimoja, msimpigie makofi kana kwamba amemeza dawa. Mwacheni ale kama watu.

Na siku moja, pengine mkiwa mmekwisha kuisahau safari yenyewe, atafunua sufuria na kuuliza mbona leo hakuna osuga.